Refa Aliyeiacha Fainali

Ungefika mtaa ule ukauliza nani mwenye macho makali kuliko wote, ungeambiwa bila mtu kukuna kichwa: Mama Kipyenga. Na kama uliyemwuliza ni shabiki wa timu iliyofungwa wiki iliyopita, angeongeza kwa uchungu, "Ingawa Jumamosi alikuwa kipofu kabisa, yule mama."

Ndivyo kazi ya urefa ilivyo. Ukiwapa watu penalti una macho ya mwewe. Ukiwanyima, huoni hata pua yako. Mama Kipyenga alishazoea. Kwa miaka mingi alichezesha mechi za ligi ya mitaa, mwanamke peke yake kati ya waamuzi wote, na matusi yalimwingilia sikio hili yakatokea lile. Mwenye mdomo mkubwa kuliko wote alikuwa muuza mitumba mmoja aliyepewa jina la Spika, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji umeme. Kila mechi alisimama nyuma ya goli, sigara mkononi, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Refa, nunua miwani!"

Siku za kazi Mama Kipyenga alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi nyuma ya soko. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, meza zilizotandikwa mablanketi makuukuu na shuka juu yake, mvuke uliofanya kuta zitoke jasho, na mashati yaliyoning'inia kwenye waya kama watu waliopanga foleni wakasahau wanachosubiri. Kusimama kutwa kulimpa miguu, na pasi ilimpa jicho. "Anayeona mkunjo kwenye kola," alipenda kusema, "ataona mkono uliogusa mpira."

Urefa wenyewe aliuokota njiani. Jumamosi moja, akiwa bado mwanamke kijana, alikuwa akipita na kapu la nguo za wateja akakuta timu mbili zinabishana katikati ya uwanja. Refa hakutokea, na aliyeshika filimbi kwa muda alikuwa binamu wa golikipa. Mshambuliaji mmoja akafunga, watu wakashangilia, na yeye, bila kuombwa, akapaza sauti: "Huyo ameotea! Alikuwa peke yake kama mkiwa!" Wakamcheka. Mmoja akasema, "Basi njoo upulize wewe, mama." Akaweka kapu lake chini, akavua kandambili, akaingia uwanjani na gauni lake. Mechi ilipokwisha, waliofungwa ndio waliokuja kumshika mkono. Baadaye alikwenda kusomea kozi, akafaulu mtihani, akapewa beji yake, akaishona mwenyewe kifuani kwa uzi wa rangi ileile ya shati ili isionekane imebandikwa.

Kisukari alikutana nacho hukohuko kwenye mpira. Ligi ilitaka waamuzi wote wapimwe afya, na yeye aliyekwenda kutafuta ruhusa ya kukimbia akarudi nyumbani na vidonge. Hakulia. Alikichukulia kama mchezaji mtata: humchukii, humwogopi, ila humwondolei macho. Akaacha sukari kwenye chai, akapunguza wali, akaongeza mboga, akameza dawa zake kwa saa. Mume wake, fundi wa baiskeli, aliapa kuacha sukari pamoja naye kwa mapenzi, kisha akawa anaingia jikoni kwa kunyata na kulamba kijiko. Siku aliyomfumania, mkewe hakusema neno. Alikwenda chumbani, akarudi na kadi ya njano, akamwinulia juu ya kopo la sukari. Mzee aliikubali adhabu kichwa chini.

Jambo moja tu hakulifanya. Kila alipokwenda kliniki ya sukari, nesi alimwambia, "Mama, na macho uende ukapimwe. Kila mwaka." Naye kila mara alijibu, "Macho yangu? Mimi nasoma namba ya jezi kutoka goli hadi goli, mwanangu. Wapime hao wanaonitukana."

Nyumbani kwake, katika chumba cha mbele kilichopata jua la asubuhi, aliishi dada yake mkubwa. Huyu alikuwa mpangaji barua posta, na sifa yake ilikuwa kusoma mwandiko ambao hata aliyeuandika angeushindwa. Barua zilizoandikwa kama kuku amekanyaga wino zililetwa mezani kwake, naye alizitupia jicho moja na kusema ni za nani na zinakwenda wapi. Naye pia alikuwa na kisukari. Sasa alikuwa haoni. Alijua mchana na usiku, alijua mtu amesimama mlangoni au la, basi.

Mwaka ule ambao mambo haya yalitokea, mwenyekiti wa ligi alimwita Mama Kipyenga na kumpa habari aliyoingoja miaka yote: fainali ni yake. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara kama gari la harusi, akamweleza mume, akamweleza dada. Dada akampongeza, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu," akasema, "kesho nipeleke hospitali ya macho. Nina miadi."

"Miadi ya nini tena, dada? Si walisema—"

"Wewe nipeleke tu. Maswali utawauliza wao."

Kesho yake wakaenda, mdogo amemshika mkubwa mkono, akimwambia hapa kuna ngazi, hapa kuna mlango. Walipofika dirisha la mapokezi, nesi akauliza kwa upole, "Mgonjwa ni mama huyu asiyeona?"

"Hapana," akasema dada, akivuta kiti kwa mguu na kukaa. "Mimi ni msindikizaji. Mgonjwa ni huyu aliyeniongoza. Ana kisukari cha miaka, na hajawahi kupimwa macho hata siku moja."

Waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mama Kipyenga alikuwa amechezewa rafu safi kabisa, na yeye mwenyewe, kama mtu wa haki, hakuona pa kukata rufaa.

Wakamtia matone. Yalichoma kidogo, kama moshi wa kuni, kisha dunia ikaanza kung'aa kupita kiasi. Ukuta mweupe ulimpiga usoni kama bati la mchana. Alijaribu kusoma tangazo lililokuwa karibu yake na herufi zikayeyuka. Alipoitwa ndani alikuta daktari wa macho ni mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Alimwambia aweke kidevu kwenye chombo, atazame juu, chini, kulia, kushoto, akamulika, akapiga picha, akanyamaza. Mama Kipyenga aliujua ukimya ule. Ni ukimya wa refa anayeingiza mkono mfukoni kutafuta kadi.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta. Mama Kipyenga akasogea, picha ikafifia. Akarudi nyuma hatua moja, ikaonekana. Ilikuwa duara la rangi ya chungwa lililopitiwa na mishipa kama mito kwenye ramani, na kando kando ya mito ile kulikuwa na madoa mekundu.

"Hili ndilo jicho lako la kulia, mama. Hapa ndani kabisa, nyuma. Haya madoa ni damu iliyovuja."

Mpiga pasi aliyaelewa haraka. Aliwahi kuona shuka jeupe lililoanza kupata kutu: doa dogo hapa, dogo pale, na mwenye shuka anaapa kuwa ni safi.

"Lakini daktari, mimi naona. Naona kila kitu."

"Unaona kwa sababu katikati pako salama. Ugonjwa umeanzia pembeni. Na angalia hapa, hii mishipa mipya imeota. Ni laini mno, haina nguvu. Siku ikipasuka, damu itajaa ndani ya jicho."

"Nitasikia maumivu?"

"Hapana, mama. Huo ndio ubaya wake. Hauumi, haukwaruzi, haubishi hodi."

"Mimi haukuniuma hata kidogo," dada, aliyeingia pamoja naye, akasema kutoka kwenye kona, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa.

Daktari akaeleza dawa yake. Kulikuwa na matibabu ya mwanga, leza, ya kuituliza ile mishipa na kuizuia isiendelee. Leza isingemrudishia ujana wa macho, ingemlindia aliyonayo. Sukari yake nayo isiwe bembea, leo juu kesho chini, na presha ipimwe kama sukari inavyopimwa, kwa kuwa hao wawili hufanya uharibifu wao wakisaidiana. Mtaalamu mwenye mashine alikuwa anazunguka hospitali moja baada ya nyingine, na wiki hiyo alikuwa hapo. Nafasi iliyobaki ilikuwa Ijumaa.

"Na Jumamosi nitaweza kukimbia?"

"Jumamosi utakuwa na ukungu machoni, mama. Nataka upumzike. Usikimbie, usibebe mzigo."

Jumamosi ilikuwa fainali.

"Nikingoja zamu yake nyingine?"

"Atarudi baada ya miezi. Huenda jicho likasubiri. Huenda lisisubiri. Nikikuahidi nitakuwa nimekudanganya."

Walipotoka nje, jua lilimwangukia Mama Kipyenga kama ndoo ya maji. Akafumba macho. Hakuweza kutofautisha ukingo wa barabara na kivuli chake. Hapo dada yake akamshika mkono.

"Nifuate mimi," akasema. "Mbele kuna mfereji. Inua mguu. Hapo, vizuri. Sasa kuna harufu ya mkate, maana yake tunakata kulia."

Watu waliowaona asubuhi mdogo akimwongoza mkubwa, sasa waliona mkubwa asiyeona akimwongoza mdogo mwenye macho. Mwenye duka la simu akatoka nje kutazama vizuri. Kufika kwenye kona ya seremala, Mama Kipyenga alikanyaga maranda akidhani ni mbwa, akaruka na kupiga kelele, na dada akacheka hadi akaegemea nguzo. Mdogo naye akacheka. Walicheka machozi yakawatoka, wote wawili, na machozi ya mdogo yalikuwa na vitu viwili ndani yake.

Jioni, matone yalipoisha nguvu, alitoa sare yake nyeusi ya urefa na kuanza kuipiga pasi ingawa haikuwa na mkunjo hata mmoja. Mume wake alimtazama kutoka mlangoni, grisi ya minyororo ikiwa bado mikononi.

"Mke wangu, fainali zipo kila mwaka."

"Zipo. Za wenzangu." Alisukuma pasi kwa nguvu. "Mimi sijawahi kupewa hata moja. Nikiiacha hii, watasema mwanamke alipewa akakimbia."

Mzee akafunga mdomo. Aliyefungua wake ni dada, aliyekuwa amekaa kitandani akikunja taulo.

"Nilikuwa na barua mkononi," akasema. "Asubuhi, posta, watu wamejaa. Bahasha ya kijani. Nikaona utando mweusi unashuka juu ya anwani, kama mtu amemwaga wino ndani ya jicho langu. Nikaifuta bahasha kwa kidole. Nikaifuta tena. Mwenzangu akaniuliza, unafuta nini? Mimi nilikuwa nimeambiwa nikapime macho, mdogo wangu. Niliambiwa na nesi kama huyo wako, na nikamjibu kama ulivyokuwa unamjibu. Nilikuwa naona vizuri mno. Niliona vizuri mpaka siku niliyoacha kuona."

Dada akalinyoosha taulo juu ya magoti yake, akaendelea kulikunja.

Mama Kipyenga akachomoa waya wa pasi ukutani.

Mwenyekiti wa ligi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na ofisi ya ligi ilikuwa chumba cha nyuma, kati ya makopo ya rangi na mifuko ya misumari. Kesho yake alipofika hapo, alikuta manahodha wa timu zote mbili wamekuja kuzungumzia fainali. Mama Kipyenga akamwita mwenyekiti pembeni, akamweleza. Mwenyekiti akashika kiuno.

"Mama, sema una homa. Sema umefiwa."

"Nimuue nani ili uridhike, mwenyekiti?"

"Nakuonea huruma wewe. Refa akisema macho yake yana ugonjwa, basi tena. Kila penalti uliyowahi kutoa wataifufua. Hawa watu wa timu ya stendi mpaka leo wana kidonda cha mwaka juzi."

"Mwaka juzi mchezaji wao aliunawa mpira na wewe uliona."

"Niliona. Lakini nakwambia kuhusu watu."

Akamwacha amesimama hapo, akarudi mbele ya manahodha. Mara nyingi alikuwa amesimama mbele ya wanaume hawa akiwatoa nje kwa kadi nyekundu bila kupepesa, lakini kuwaambia hivi kulikuwa kama kuvua viatu mbele za watu ukiwa na soksi zilizotoboka.

"Sitachezesha fainali," akasema. "Nina kisukari, na kimenigusa macho. Bado naona, na nataka niendelee kuona, ndiyo maana Ijumaa natibiwa. Atakayesema nimekimbia, aje aniulize mwenyewe. Duka la dobi halijahama."

Mmoja alicheka puani. Nahodha wa timu ya stendi, yuleyule mwenye kidonda, alimgeukia aliyecheka na kumtazama mpaka akakohoa. Kisha akasimama, akampa mama mkono. "Mama yangu mzazi naye ana sukari," akasema tu, akaketi.

Ijumaa akaenda. Dada alitaka kumsindikiza na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Kidevu kwenye chombo, paji la uso kwenye mkanda, na mwanga ukaanza kumpiga, kijani, tena na tena, kila mmoja kama kidole kinachogonga nyuma ya jicho. Baadhi iligonga sana. Aliambiwa asitikisike, akawa mlingoti. Mtaalamu alipomaliza alimsifu, "Mama, wengi huruka. Wewe umetulia kama jiwe."

"Nimesimama kati ya wanaume ishirini na wawili wanaonitukana mimi na ukoo wangu," akasema akijifuta machozi kwa leso. "Mwanga utanifanya nini?"

Jumamosi alikaa barazani na dada yake, miwani ya jua usoni, dunia imejaa ukungu. Uwanja haukuwa mbali, na upepo ulileta kelele zote. Wakaanza kuichezesha fainali kwa masikio.

"Goli hilo," akasema Mama Kipyenga.

"Siyo. Wamepiga mwamba. Goli lina mlio wa 'aa', huo ulikuwa 'oo'."

"Enhe, kumbe na wewe unajua mpira!"

"Nimeishi nawe miaka yote hii, nitaacha kujua?"

Baadaye kukaja kelele nyingine, ndefu, chafu, isiyo na 'aa' wala 'oo', na Mama Kipyenga akasimama. Aliijua. Ni kelele inayotoka refa akishindwa kuumudu mchezo. Jioni mume wake alirudi na habari zote: mwamuzi aliyepewa kazi alitoa penalti kwa rafu iliyofanyika nje ya boksi, watu wakaingia uwanjani, kombe likapatikana kwa mapigo ya matuta na kwa manung'uniko. "Na unajua walikuwa wanapiga kelele gani?" mzee akauliza, akitabasamu hadi magego yakaonekana. "Walikuwa wanakutaja wewe. 'Mleteni Mama Kipyenga hata akiwa amefumba macho!'"

Alijifanya hakusikia. Lakini alimwomba arudie.

Wiki iliyofuata, alipokuwa amerudi kwenye meza yake ya pasi, mlango wa dobi ulitiwa giza na mtu mpana. Alikuwa Spika. Mama Kipyenga akaishika pasi vizuri, akingoja wimbo. Wimbo haukuja. Spika alitazama huku na huku, akasogea mpaka karibu na meza, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, alinong'ona.

"Refa. Hivi... ni kweli inaanza bila mtu kujua?"

"Ni kweli."

"Mimi niliambiwa nina sukari. Zamani. Nikaona wananitisha. Sasa kuna vitu naviona. Kama nzi weusi. Nikiwafukuza hawaondoki."

Mama Kipyenga hakumaliza shati lililokuwa mezani. Alizima pasi, akamwita mwenzake amshikie meza, na akampeleka Spika hospitali ya macho mchana uleule, kwa kuwa aliijua hadithi ya nzi weusi inavyoishia. Njiani yule mtu mkubwa hakufungua mdomo. Jicho lake la kushoto walilikuta limechelewa. Walilitibu, likabaki na nuru kidogo. La kulia waliliwahi. Sigara alizitupa mwenyewe, ingawa kwa matusi mengi, na kwenye dawa za sukari akawa mwaminifu kama mwongofu mpya.

Baada ya hapo Mama Kipyenga hakunyamaza tena. Alimwendea mwenyekiti na kumwambia kwamba waamuzi wote, wakiwamo washika vibendera, wapimwe macho kila mwaka, na wenye sukari ndani ya ligi, wachezaji kwa wazazi, waletewe wapimaji uwanjani. Mwenyekiti alikuna kidevu kwa muda mrefu. Mwishowe akatoa maturubai ya dukani kwake, na Jumapili moja uwanja ule uliozoea matusi ukajaa watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri matone. Spika ndiye aliyewaita. Alisimama juu ya kreti ya soda, sauti yake ikafika mitaa mitatu: "Wenye sukari njooni! Msijidanganye mnaona! Na mimi nilikuwa naona!" Dada yake Mama Kipyenga aliwekwa mwanzo wa foleni, akiwashika mikono walioogopa na kuwaambia ukweli wake bila kuupaka rangi. Wengi waliokuja wakiwa wagumu walikaa mbele yake, wakainuka wamelainika.

Jicho la Mama Kipyenga lilitulia. Alirudia leza mara kadhaa, na kila alipoitwa kupimwa alikwenda, mvua au jua. Pembeni kabisa mwa jicho la kulia, hasa jioni, mwanga haukuwa kama zamani, na hakulificha hilo. Alijifunza kugeuza kichwa mapema, kukimbia karibu zaidi na mpira, kusimama mahali ambapo zamani hakuhitaji kusimama. Daktari alimpima na kusema anafaa. Mtihani wa mbio aliupita akiwaacha nyuma vijana wawili waliokuwa wakihema kama mvukuto. Wachezaji wakaanza kulalamika kwamba amekuwa mbaya kuliko mwanzo, kwamba sasa anaona hata unachotaka kufanya.

Na msimu mwingine ulipokwisha, fainali alipewa yeye. Mwenyekiti hakumwita ofisini. Alimfuata dukani kwa dobi, akamwambia mbele ya wapiga pasi wote.

Siku hiyo uwanja ulifurika. Timu ya stendi ilikuwa nyuma kwa goli moja, jua likianza kulala, wakati krosi ilipoingia na mpira ukatumbukia wavuni. Nusu ya uwanja ililipuka. Mama Kipyenga, aliyekuwa amekimbia hadi ukingo wa boksi, akapuliza na kunyoosha mkono: si goli. Mshambuliaji wa stendi alikuwa ameusukuma kwa kiwiko. Pakawa kimya, kile kimya kinachotangulia mawe. Watu wote wakageuka kutazama nyuma ya goli, alikosimama Spika, shabiki wa kutupwa wa stendi, ili wasikie litakalotoka.

Spika alijaza kifua.

"Ameona!" akanguruma. "Ameona, jamani! Hata mimi mwenye jicho moja nimeona!"

Kicheko kilipasuka kuanzia goli hadi goli. Mshambuliaji mwenyewe aliinua mikono akacheka, akaomba radhi, na mpira ukaendelea. Ulipofika mwisho, Mama Kipyenga alipuliza filimbi ndefu na kusimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akiwa ameloa jasho, akivuta pumzi. Nahodha wa stendi aliyefungwa alikuja wa kwanza. "Hatuna la kusema, mama," akasema. Kando ya uwanja fundi wa baiskeli alikuwa akimwambia kila aliyepita, hata wasiouliza, "Yule ni mke wangu." Dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, uso ameuinua kuelekea kwenye makelele. Walipompa mdogo wake medali, mdogo akampelekea aishike. Aliipapasa pande zote, herufi kwa herufi, kama zamani alipokuwa na bahasha mkononi, na akasoma kwa sauti: "Mwamuzi wa Fainali." Kisha akasema, "Mwandiko mzuri huu. Hata mjinga angeufikisha."

Jumatatu, Mama Kipyenga alipofungua duka la dobi, alikuta magunia mawili mlangoni. Moja lilikuwa la jezi za mabingwa, la pili la jezi za stendi, zote zimeganda matope ya Jumamosi. Timu zote mbili zilitaka zao zitangulie. Mama Kipyenga alizimwaga sakafuni pamoja, akakunja mikono ya shati lake, akaanza na ile iliyokuwa karibu.